Eleza Kwanza, Fasiri Baadaye

Kofi la pili lilimwangusha mwalimu pamoja na kiti chake. Jino lililokuwa likicheza tangu asubuhi likamtoka, akalitema sakafuni.

"Mwinue," alisema mkubwa wa chumba kile, bila kupaza sauti.

Aliyepiga, ambaye wenzake walimwita Mpole kwa utani wao mbaya, alimnyanyua mwalimu kwa ukosi wa shati na kumketisha tena mbele ya meza. Juu ya meza palikuwa na picha moja tu, kubwa kama sinia, na taa imeinamishwa juu yake.

Mwalimu alikuwa amezeeka akizungumza juu ya picha. Chuoni alifundisha namna ya kuzitazama, na kila wiki gazeti lilichapa uhakiki wake, ambao wapigapicha waliuogopa. Hii aliijua. Iliwahi kutundikwa kwenye maonyesho ya mkaidi mmoja ambaye mpaka leo anatumia filamu na kujisafishia picha zake mwenyewe kwenye chumba cha giza. Haikukaa sana ukutani, askari wakaja kuing'oa.

Ilikuwa picha ya maandamano. Gari la polisi linawaka, askari anatoka mlangoni na moto umemshika mgongoni. Askari yule alikufa. Mbele ya gari watu wanatawanyika, wengine ngumi juu, na mmoja wao ndiye aliyerusha chupa ya petroli. Nani? Kwa moshi ule na vitambaa vile usoni, hata mama mzazi angebahatisha.

"Nilikuwa nasoma safu yako, mwalimu," mkubwa alisema. "Ulikuwa unatuambia tueleze kwanza, tufasiri baadaye. Haya, eleza. Anza kushoto, na usiruke mtu."

Mwalimu akainamia picha, na roho ikamruka. Karibu na gari, mgongo kwa kamera, alisimama binti yake. Hakuhitaji kuuona uso. Ni yeye peke yake aliyesimama hivyo, bega moja limeshuka, tangu alipoanza kusimama utotoni. Jioni ya maandamano alirudi nyumbani ananuka petroli, akapitiliza bafuni, na baba mtu akajitia hamnazo.

Wangemuua. Hilo halikuwa na mjadala, maana walikwisha kuua wengine kwa makosa madogo zaidi.

Akafikiri haraka. Akimruka, atakuwa amemnyooshea kidole. Mkubwa huyu si mjinga, atauliza mbona yule umemwacha. Akimweleza kwa maneno mengi, ni yale yale. Basi atampa sentensi moja, kama atakavyowapa wengine, kwa sauti ile ile, na kusonga mbele. Kazi hiyo aliifanya miaka yote. Akapiga moyo konde.

"Kushoto kabisa kuna mwanamume mnene, shati jeupe, kiatu kimoja kimemvuka," alianza. "Anayefuata ana kofia nyeusi, amejiziba pua. Nyuma yake kuna wawili wameshikana mikono, mmoja amefunikwa na moshi wa kijivu mpaka kiunoni."

Alisita kumeza damu. Mpole akadhani anadengua, akamshushia mpira wa bomba kwenye vidole vilivyokuwa juu ya meza. Kitu kikalia kama kijiti kinachovunjwa. Mwalimu alipiga ukelele, akalia kweli kweli, kisha wakamngoja anyamaze.

"Endelea."

"Huyu ameanguka," alisema akihema. "Kifudifudi, damu yake nyeusi kwenye lami, mkono umenyooka mbele. Karibu na gari yuko mwingine, mgongo kwetu, koti refu, skafu ya manjano kichwani. Kulia kwake ni mzee mwenye fimbo, kanzu nyeupe, anatazama angani. Wa mwisho amekatwa na ukingo wa picha, unauona mguu tu."

Mkubwa alikuwa akifuata kwa kidole, mtu kwa mtu. Hakuna aliyerukwa.

"Sasa fasiri."

Mwalimu akamchagua aliyeanguka. Alijua kwamba kijana yule alipigwa risasi pale pale na amekwisha kuzikwa, hawana tena cha kumfanya. Moyoni akamwomba radhi. Akaeleza jinsi mkono ule ulivyonyooka kuelekea kwenye gari, jinsi kiganja kinavyong'aa kwa umajimaji, na jinsi wengine wote wanavyompa nafasi, maana watu humkimbia mwenye moto kabla hawajaukimbia moto wenyewe. Aliyasema vizuri. Hata katika maumivu yale alijisikia fahari kidogo, kwa sababu lilikuwa jambo la kuaminika, na karibu aliamini mwenyewe.

Mkubwa aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Akamwagiza Mpole aweke mpira chini na amletee mwalimu maji. Mwalimu akayanywa kwa mkono uliobaki mzima, meno yakigonga glasi, na machozi yakamtoka upya, safari hii ya shukrani. Mwanawe atalala salama.

"Nakushukuru, mwalimu. Umenieleza watu wote," alisema mkubwa, akainuka na kufungua mlango. Nje walikuwepo askari wake. "Nendeni nyumbani kwa huyu mzee," akawaambia. "Mleteni mwenye skafu ya manjano."

Mwalimu akaiinamia tena picha. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, yote, kona hadi kona.