Sehemu ya Kuwashia

Mkono wa mkurugenzi ulitua tena begani kwa fundi, wa moto na wenye majimaji. Akasogeza kiti. Mkono ukamfuata.

"Bado tu, mrembo?"

"Bado, mzee."

Skrini ilikuwa nyeusi, yenye maneno yaleyale: sehemu ya kuwashia haikupatikana. Asubuhi kompyuta ilikuwa imesasisha programu yake ya msingi, ile inayoiamsha kabla ya kitu kingine chochote, na tangu hapo ikawa kama haijawahi kuwa na diski. Fundi aliingia kwenye mipangilio, akarudisha mtindo wa zamani wa kuwasha, akaizima, akaiwasha. Wapi! Mashine nyingi zingekuwa zimeshatii.

Mkurugenzi alichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama, akakifuta kwenye suruali.

"Kazi za ofisi sina shida nazo, ziko kwingine. Nataka picha zangu zilizo kwenye hiyo diski." Akacheka, pumzi ikinuka kama tambara la kudekia. "Mambo ya wanaume. Ukiziona, fumba macho."

Sekretari wake, dada mwembamba aliyekuwa akipanga mafaili kabatini, aliangusha moja.

"Na huyu naye!" mkurugenzi alifoka. "Masekretari wangu hawakai. Nikishamzoea tu, huyo, anaondoka analia. Sijui wana nini."

Fundi alitamani kazi iishe akaoge. Akachukua bisibisi, akafungua ubavu wa mashine aone kama kuna waya uliolegea.

Waya ulikuwa unaning'inia. Mahali pa diski palikuwa patupu.

Akainua macho. Sekretari alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Umeona nini?" mkurugenzi aliuliza, akiinama.

Fundi alirudisha kifuniko kabla kichwa kile hakijafika, akakaza skrubu zote, tena kwa nguvu.

"Sasisho limeiua diski, mzee. Usihangaike na fundi mwingine, atakupotezea muda tu."

Fundi alifunga begi lake, akamwomba sekretari amwonyeshe njia ya kutokea.

Walipofika kwenye ngazi akamshika mkono.

"Ushike vizuri huo mkoba, mdogo wangu, hiyo diski ndiyo ushahidi wenu," alimnong'oneza. "Polisi ni mtaa wa pili tu, na tunakwenda wote."