Kiti cha Mbele

Mzee Mbonea, mwanzilishi wa mfuko wa uwekezaji uliotajirisha nusu ya mji, alifika kanisani mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa shughuli yoyote ya mwanawe.

"Shikamoo, baba," Nambua alimwamkia mlangoni, shela ikiwa imemfunika uso.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipe mkono nikuingize."

Binti akainamisha kichwa. "Ataniingiza mjomba, baba. Wewe nimekuwekea kiti cha mbele."

Mjomba Elineema akaona haya. "Shemeji, njoo wewe. Ni mwanao huyu."

Mbonea akautazama mkono wa shemeji yake. Ndio uliomshikilia Nambua alipojifunza baiskeli na kumkanda homa zilipompanda, miaka ile yeye alipokuwa ng'ambo akikimbizana na masoko ya hisa.

"Mpeleke wewe, shemeji," akasema. "Ndiwe uliyemlea."

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na mkia mrefu wa gauni ukaanza kuburuzika topeni. Mbonea akainama na suti yake, akauinua kwa mikono miwili. Kinanda kikalia, milango ikafunguliwa. Mbele yake Nambua akasita, kama aliyehisi gauni limekuwa jepesi ghafla, akageuza shingo kidogo.