Dawa ya Kuachia

Asubuhi, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, Mwanamkasi alipiga goti akaushika mkono wa mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na usihangaike tena na vile vidonge, nimevitupa chooni. Vimekuvimbisha uso, majirani wanasema mwanangu anakupiga."

Siku tatu alikuwa akivitafuta! Misuli yake ilikuwa ikikakamaa, ugonjwa aliourithi kwa marehemu baba yake, na ni vidonge hivyo tu vilivyoilegeza. Kwa hasira akaubana ule mkono.

"Basi, niachie."

Vidole havikufunguka.

"Nimesema niachie!"

"Siwezi, mama. Dawa ya kukuachia umeitupa chooni."

Nje, wageni walipiga hodi. Mama mkwe akauvuta mkono wake kwa nguvu zote. Mwanamkasi, goti bado chini, akapaza sauti:

"Karibuni!"