Moyo wa Baba Unakotulia

Siku hizo mgonjwa akipata nafuu harudishwi kwake. Hupelekwa nyumba ile moyo wake unakotulia, na bangili ya hospitali aliyovishwa mkononi ndiyo inayosema ni ipi.

Mwanakheri alikuja na kanzu ya baba yake, ameipiga pasi mwenyewe. Muuguzi akamwambia kwa upole kwamba Mzee Shekue atakwenda kwa Bi Chiku, jirani yao muuza vitumbua.

"Kwa Bi Chiku! Kwani mimi si mwanawe? Nani anamwogesha, nani anamkataza chumvi?"

"Ni wewe, dada. Lakini ukiingia tu, presha inapanda. Bi Chiku akija, inashuka."

Mwanakheri akacheka kwa hasira, akamgeukia mzee kitandani. "Baba, hebu waambie! Na ukae vizuri, utaanguka! Soksi umezitupa wapi tena?"

Bangili ikawaka nyekundu. Wagonjwa wa vitanda vya karibu wakatazama pembeni, kama watu walioona nguo ya mwenzao imechanika nyuma.

"Kidude chenyewe kibovu, mwanangu," mzee akasema haraka, akikifunika kwa kiganja. "Wewe hujanikosea kitu."

Mwanga mwekundu ukapenya katikati ya vidole vyake.

Mwanakheri akaiweka kanzu miguuni pa kitanda. Alitaka kuomba radhi, akaiogopa sauti yake mwenyewe. Akatoka kwa kunyata. Kupitia kioo cha mlango akamwona baba yake amefumba macho, na bangili inarudi kijani polepole. Akainua mkono agonge kioo amuage, kisha akaushusha.