Ngozi Zilizopanda Meli

Zamani, wanyama walipokuwa na machinjio yao, mchinjaji alikuwa Chui, fundi wa kisu, na dalali wa ng'ombe alikuwa Kima mwenye papara. Kima alipopata wateja ng'ambo, aliswaga ng'ombe wote wakiwa hai hadi melini.

"Niachie japo kumi, machinjio yamelala," Chui alimwambia.

"Bei ya ng'ambo huiwezi, bwana. Kaa unoe visu!"

Chui akanoa, akangoja bila wasiwasi.

Siku ya harusi ya binti yake Kima, ngoma kubwa ilipasuka wageni wakiwa uwanjani. Kima akaja mbio.

"Ndugu yangu, nipe ngozi moja tu nikawambe ngoma!"

Chui hakuacha kunoa. "Ngozi zako niliziona bandarini, Kima. Zilipanda meli zenyewe, kwa miguu minne."