Mgonjwa Ninamwona Mimi

"Mjamzito?" Daktari Jerome alifoka kwenye simu. "Mama wa miaka sitini na ushei?"

"Mfumo ndivyo unavyosema, daktari," alijibu Ridhiwani wa ofisi ya bima, aliyekuwa Dar. "Monika Valentini, mjamzito. Dawa hiyo ya presha haruhusiwi."

Mfumo! Tangu uingie kwenye kituo chao cha afya, nje kidogo ya Kitomanga, Jerome hakuweza kuandika hata dawa ya kikohozi bila Ridhiwani kukubali. Kasoma miaka yote ile, leo anaomba ruhusa kama mwanafunzi anayetaka kwenda chooni. Alikuwa ameshaapa: mashine ikimshinda tena, anavua koti anarudi kwao kulima korosho.

Kitandani mama wa watu alikuwa anasinzia. Presha yake ilikuwa juu kweli, Jerome kaipima mwenyewe. Alipomwamkia na kumuuliza hali, alijibu, "Marahaba, mwanangu. Nimechoka. Gari la kutoka Kiranjeranje limenivunja kiuno."

Mkwewe alikuwa chini kwenye mkeka, kajitanda khanga mbili, akimpepea kwa adabu zote.

"Daktari, samahani..." alianza mkwe.

"Subiri, dada. Nampigania mgonjwa wako." Jerome akarudi kwenye simu. "Ridhiwani, wewe unaona kioo. Mgonjwa ninamwona mimi. Daktari ni nani kati yetu?"

"Lakini mfumo..."

"Mfumo umewahi kumshika mtu mkono? Mama huyu akipooza, nitakutaja kwa jina!"

Ridhiwani akanywea. "Haya, nimeruhusu. Ila lawama yako."

Nesi Debora, aliyekuwa mlangoni, alipiga kigelegele. Jerome alijisikia raha ambayo hakuwa ameionja tangu mwaka uanze.

"Daktari..." mkwe alirudia, safari hii kaushika mguu wa kitanda.

"Usihofu, dada, yamekwisha." Akamwinamia mama. "Mama Monika, tumewashinda! Dawa yako inakuja."

Mama akafumbua macho, akamtazama kwa mshangao.

"Monika? Mimi Anjelina, mwanangu. Monika ni huyu mkwe wangu hapa chini, nimemsindikiza kuja kujifungua. Nimembembeleza weee alale yeye kitandani, hataki. Eti atalalaje juu, mama mkwe kakaa mkekani!"