Kura ya Mwashi

Kamati ya mtaa ilipiga kura kuamua kama jengo jipya lijengwe, zikawa tano kwa tano. Macho yote yakamgeukia mwashi, ambaye alikuwa bado hajainua mkono.

Kwa miaka thelathini mama huyu alikuwa amekarabati kuta za mabenki ya kale ya mtaa ule, jiwe kwa jiwe. Waliolipinga jengo jipya walishaanza kutabasamu.

"Ni kichekesho, mama," alinong'ona jirani yake, mwenye duka la vitabu. "Ghorofa arobaini za rangi ya waridi, na kilele kama kabati la bibi."

Mwashi aliinamia mfano wa mbao wa jengo hilo uliokuwa mezani, akapitisha kidole chenye sugu juu ya tao la mlango. Lilipinda mara mbili kabla ya kugusa chini.

"Hili mtalimwaga kwa zege?" alimuuliza msanifu wa jengo, aliyesimama kando ya meza.

"Hapana, mama, ni jiwe la kuchonga. Ila nimeambiwa siku hizi hakuna fundi wa kuliweza."

"Waliokwambia walimuuliza nani?"

Msanifu akamgeukia mwenyekiti.

"Na kura yako je, fundi?" aliuliza mwenyekiti.

"Lijengwe," alisema mwashi. "Na tao hilo nitalichonga mimi."

Mwenye duka la vitabu akasogeza kiti chake mbali naye.